SWR inaboreka, redio inafifia: kebo yako imekunywa maji

SWALI: Mimi ni fundi hapa Kilindoni, Mafia. Natunza redio ya VHF inayoongea na boti za abiria. Antena ni fimbo ya fiberglasi juu ya mlingoti wa mita 20, kebo ni RG-213 ya mita 30, redio ni ya wati 25. Ilipofungwa miaka mitatu iliyopita, SWR (kipimo cha nishati inayorudi badala ya kurushwa, 1 ikiwa ndiyo bora) kwenye chaneli 16 ilikuwa 1.5. Sasa nimenunua NanoVNA, kile kifaa kidogo cha kupimia antena na kebo, inasoma 1.2, yaani ni nzuri kuliko mwanzo. Lakini manahodha wanalalamika hawatusikii, na sisi hatuwasikii wakishasogea mbali kidogo. Redio nimebadilisha, hali ni ile ile. Juzi nilimpandisha kijana juu akafungua antena, kebo ikabaki wazi bila kitu, na kifaa kikasoma 1.7! Kebo isiyo na antena inasomaje 1.7? Nimeuziwa kifaa feki?

JIBU: Hapana, ndugu fundi, kifaa chako ni kizima. Tena hiyo 1.7 unayoishuku ndiyo namba yenye maana kuliko zote ulizonitumia, kwa sababu inatuambia ugonjwa uko wapi bila mimi kufika Kilindoni.

Nishati ukiipeleka kwenye kebo iliyo wazi mwishoni haina pa kutokea. Inafika juu, inagonga mwisho, inarudi yote. Kebo ingekuwa haipotezi kitu, NanoVNA ingepokea kila ilichokituma na SWR ingepaa mpaka kifaa kishindwe kuionyesha. Lakini kila kebo hula kidogo wakati wa kwenda na kidogo wakati wa kurudi. RG-213 mpya ya mita 30, kwenye MHz 156.8 ya chaneli 16, hula karibu desibeli 2.5 (desibeli hupima nguvu inavyopungua, kila 3 ni kama nusu) kwa safari moja. Kwenda na kurudi ni desibeli 5, na hapo ungesoma SWR ya karibu 3.6. Wewe umesoma 1.7. Ukiigeuza kuwa desibeli, maana yake mawimbi yamerudi yakiwa yamepungua kwa karibu 11.7. Gawa kwa mbili: kebo yako inakula karibu desibeli 5.9 kwa safari moja.

Sasa tazama wati zako. Redio inatoa 25, juu ya mlingoti zinafika kama 6.4. Umejenga kituo chenye mlingoti, betri na redio ya mezani, halafu unarusha kwa nguvu ya redio ya mkononi. Na usifikirie kurusha tu. Kinachopotea kwenye kebo kabla ya redio kupokea hakirudishwi na kitasa cha sauti, na ndiyo maana nanyi hamwasikii manahodha. Malalamiko yanapotoka pande zote mbili kwa pamoja, mimi huanza na kebo, konekta na antena kabla ya kugusa redio. Hiyo redio ya zamani usiitupe, huenda haina kosa.

Imebaki ile 1.2 iliyokufurahisha. Hesabu yake ni fupi, na ningependa uifuate kwa kalamu. SWR ya 1.5 ni marejeo ya karibu desibeli 14, yaani kinachorudi kimepungua kwa kiasi hicho. Toa desibeli 5 ambazo kebo mpya ilikula kwenda na kurudi, zinabaki 9, nayo hiyo ni SWR ya karibu 2.1 pale kwenye antena yenyewe. Njoo leo: 1.2 ni marejeo ya karibu 20.8. Toa 11.7 za kebo iliyochoka, zinabaki 9.1. Ni ile ile 2.1! Antena yako haijaboreka hata chembe, wala haijaharibika. Ilikuwa 2.1 siku ya kwanza na iko 2.1 leo. Kilichobadilika ni kwamba kebo inazidi kumeza ushahidi kabla haujafika chini. Mtu anayepima SWR chini tu, mwaka hadi mwaka, ataona kebo inaoza na atadhani mambo yanamnyookea.

Kwa hiyo kanuni ninayotaka ubaki nayo ni hii: kebo na antena hupimwa kila kimoja peke yake. SWR iliyosomwa mlangoni mwa redio ni jumla ya vyote viwili, na jumla hiyo haisemi nani amechangia nini.

Kabla hujavunja kitu chochote, rudia kipimo vizuri, maana nimejenga hesabu hii yote juu ya namba ambazo sikuona zilivyopatikana. Anza na usalama wa kifaa. NanoVNA hutoa nguvu ndogo sana, sehemu ya miliwati, na mlango wake ni mwepesi kuungua. Antena ndefu yenye upepo wa bahari hukusanya chaji, kwa hiyo kila mara kabla ya kuunganisha, gusisha kwanza pini ya katikati ya kebo na ganda lake kwa kipande cha waya. Kama kuna antena nyingine kwenye mlingoti huo, hakikisha redio yake imezimwa. Wati 25 zikirushwa mita mbili kutoka hapo zinatosha kuua kifaa. Na wingu likianza kunguruma, kipimo kiahirishwe, kijana ashuke.

Halafu kalibresheni, yaani kukirekebisha kifaa kwa vipande vinavyojulikana: wazi, shoti na lodi. Wengi huifanya vibaya, kisha wanalaumu Wachina. Washa kifaa kikae dakika chache kipate joto lake. Weka kwanza masafa unayotaka, tuseme MHz 140 hadi 180, ndipo ufanye kalibresheni. Ukiifanya kwa masafa mapana halafu ukabana, kifaa kinajaza mapengo kwa kukisia. Usifunge RG-213 moja kwa moja kwenye mlango wa SMA, uzito wake utaung'oa. Tumia kipande kifupi cha kebo nyembamba chenye adapta ya kwenda kwenye konekta ya PL-259, na kalibresheni uifanyie mwisho wa kipande hicho, pale pale itakapoungana na kebo kubwa. Ukiifanyia mlangoni mwa kifaa halafu ukaongeza kipande na adapta, unapima na vitu hivyo pia.

Ukimaliza, usikiamini kifaa kwa kuwa kimeandika kuwa kimemaliza. Rudisha lodi ya om 50, kile kipande kinachomeza nishati yote, SWR iwe karibu na 1.0. Acha wazi, doa kwenye chati ya Smith, ule mchoro wa duara kwenye skrini, liende ukingo wa kulia kabisa. Weka shoti, yaani pini ya katikati iunganishwe na ganda, liende ukingo wa kushoto. Yakitimia hayo matatu, endelea. Yasipotimia, rudia. Mara nyingi kosa ni konekta iliyofungwa kwa vidole bila kukazwa.

Sasa kebo peke yake. Kijana juu afungue antena. Wewe chini weka skrini kwenye LOGMAG ya S11 (kinachorudi kwenye mlango ule ule) usome marejeo kwa desibeli badala ya SWR, kwani hesabu za kebo ni nyepesi kwa desibeli. Soma kebo ikiwa wazi, andika. Kijana aweke shoti kule juu, soma tena, andika. Shoti iwe fupi na imara. Waya mrefu uliopindwapindwa siyo shoti kwenye VHF. Mstari utakuwa na mawimbi ya kupanda na kushuka kidogo, kwa sababu hakuna kebo yenye om 50 kamili na konekta nazo zina yake. Chukua wastani wa mawimbi hayo, kisha wastani wa wazi na shoti, halafu gawa kwa mbili. Ukipata kati ya 2.3 na 2.8, basi nimekosea mimi na kebo yako ni nzima. Ukipata 5 na kuendelea, hakuna mjadala.

Mafundi wengine watakuambia ufunge lodi ya om 50 kule juu na kuangalia SWR. Ni kipimo kizuri cha kugundua konekta iliyokatika au shoti ndani ya plagi, lakini kwa ugonjwa wako hakifai kabisa. Kebo iliyolowa ikifungwa lodi nzuri itasoma vizuri, tena vizuri kupita kiasi. Lodi inameza kila kinachofika, na kifaa hakijui kama nishati imemezwa na lodi au imemezwa njiani.

Kuna dalili nyingine ambayo huhitaji kumpandisha mtu kuiona. Antena ikiwa imefungwa, panua masafa yaanzie MHz 100 hadi 300, ufanye kalibresheni upya, uangalie umbo la mstari wa SWR. Antena ya VHF ya baharini yenye kebo nzuri inatoa bonde: inashuka karibu na MHz 156 hadi 162, nje ya hapo inapanda juu sana. Ukiona mstari umelala, SWR ni 1.2, 1.4, 1.3 kila mahali, hata kule MHz 230 ambako antena hiyo haina kazi, usishangilie upana wake. Mimi mstari uliolala unanipa wasiwasi kuliko SWR ya 2.5 yenye bonde lililosogea kidogo. Bonde lililosogea linatibika.

Unaweza pia kutaka kujua kebo imeharibika wapi hasa. NanoVNA ina uwezo wa kugeuza vipimo vya masafa kuwa umbali, upo kwenye menyu ya TRANSFORM. Mambo mawili huwakwamisha watu hapo. La kwanza ni kasi ya mawimbi ndani ya kebo: RG-213 yenye plastiki nzito ndani hupitisha mawimbi kwa asilimia 66 ya kasi ya mwanga, kwa hiyo weka 66. Kifaa kikiwa kwenye 100, kebo ya mita 30 itasomeka kama mita 45. La pili ni upana wa masafa. Ukitumia mpaka MHz 900 kwa kifaa chenye pointi 101, utaona mita 11 tu za kebo na vinavyofuata vitajikunja juu ya vilivyotangulia. Anzia kHz 50 ukomee MHz 200. Hapo utaona mpaka karibu mita 50, ingawa vitu viwili vilivyokaribiana chini ya nusu mita utaviona kama kimoja. Kwenye kebo iliyoachwa wazi utaona mwiba mkubwa mwishoni. Mwiba mwingine njiani ni mahali ilipobanwa, ilipokatwa au ilipounganishwa. Lakini usitegemee mengi kwa ugonjwa wa maji. Maji yaliyosambaa taratibu ndani ya wavu wa shaba hayaachi mwiba. Yanapunguza tu mwiba wa mwisho.

Maji yameingilia wapi? Karibu kila mara ni konekta ya juu. PL-259 haikutengenezwa kuzuia maji. Mvua na umande wa chumvi hupenya kwenye nyuzi zake, vikishaingia hufyonzwa na wavu wa shaba na kuteremka ndani ya kebo mita nyingi, huku ganda la nje likiwa halina hata mkwaruzo. Kata kama mita moja upande wa juu, chana ganda utazame. Shaba ikiwa inang'aa, kata plagi, weka mpya, pima tena. Ikiwa nyeusi au imeota kijani, kata mita nyingine. Ikiwa bado nyeusi, acha kukata. Kuianika juani hakusaidii, kwa sababu maji yatakauka lakini kutu ya shaba itabaki, na ndiyo inayokula nishati.

Kuhusu kebo ya kununua, RG-213 mpya kutoka duka linaloaminika itakurudisha pale ulipoanzia, desibeli 2.5. Kebo ya aina ya LMR-400 kwa mita hizo 30 itakula karibu 1.5. Kebo ya nusu inchi yenye ganda gumu la shaba la mawimbimawimbi, ile wanayofunga kwenye minara ya simu, itakula karibu 0.8. Kwa mahali penye chumvi kama hapo kwenu ningechagua hii ya mwisho, na sababu kubwa kwangu siyo hizo desibeli: ganda lake ni bomba zima la shaba, hakuna wavu wa kunyonya maji. Ni ghali, haipindi kirahisi, na inataka konekta zake maalumu. Bei ikikushinda, RG-213 iliyozibwa vizuri ni bora kuliko kebo ya bei ghali iliyofungwa hovyo. Ila angalia unachouziwa. Maandishi ya RG-213 kwenye ganda hayagharimu kitu. Kabla hujaipandisha, ikiwa bado imeviringwa chini, funga ncha zote mbili kwenye milango miwili ya NanoVNA usome S21 (kinachofika mlango wa pili kutoka wa kwanza) moja kwa moja. Ikisoma karibu -2.5 kwenye MHz 157, lipa. Ikisoma -4, mrudishie mwenyewe.

Kuziba: kwanza utepe wa mpira unaojigandisha wenyewe, uuvute mpaka upana wake upungue kuwa nusu, kisha juu yake utepe wa plastiki wa kuzuia jua. Zungusha kuanzia chini kwenda juu ili kila mzunguko ulalie ule wa chini yake, kama makuti ya paa. Utepe mweusi wa umeme peke yake haudumu. Jua la Mafia litaubandua. Pale kebo inapoingia nyumbani, iache ining'inie kidogo chini ya tundu ili matone yadondokee nje.

Nakuonya mapema: ukishafunga kebo mpya, SWR itapanda. Ukiweka ile ya nusu inchi, na antena ikiwa ile ile ya 2.1, chini utasoma karibu 1.8. Atatokea mtu aseme umeharibu, kwamba kebo ya zamani ilikuwa inasoma 1.2. Mwonyeshe wati: juu ya mlingoti sasa zinafika karibu 21 badala ya 6.4, na hata antena ikirudisha asilimia 12 au 13 yake, kama ilivyofanya jana, umemshinda wa jana mara tatu na zaidi.

Lakini 2.1 hiyo nayo nisingeiacha. Si kwa hasara yake, ambayo ni ndogo, zaidi ya nusu ya desibeli tu, ila kwa kuwa baadhi ya redio zikiona SWR inakaribia 2 au kuipita huanza kujipunguzia nguvu zenyewe. Hukuniambia antena imefungwaje. Kama imesimama ubavuni mwa bomba la chuma, huenda bomba ndilo linaloivuruga. Urefu wa wimbi wa chaneli 16 ni mita 1.9, na chuma chochote kilicho karibu kuliko nusu ya hapo kinakuwa sehemu ya antena utake usitake. Ipandishe iwe kwenye kilele, sehemu yote inayorusha ikiwa juu ya bomba. Ukitaka kuijaribu chini kwanza, iinue kwa mti mkavu wa mita tatu hivi, mbali na mabati na nondo, nawe usimame mbali. Ukiishika fimbo unajipima wewe.

Kipo na kipimo cha kujua kama kebo nayo inarusha kwa nje, jambo linalotokea kwenye antena zisizotengwa vizuri na kebo yake. Ongeza kipande kizuri cha RG-213 cha sentimita 32, ambacho ni robo ya wimbi ndani ya kebo hiyo. Om na riaktansi (ukinzani unaobadilika kulingana na masafa) zitabadilika sana, hilo ni la kawaida, lakini SWR isibadilike. Ikiruka, au ikibadilika unapoishika kebo kwa mkono, kuna mkondo unaotembea juu ya ganda. Ivishe kebo vipete vya feraiti, mchanganyiko nambari 43, pale chini kidogo ya antena, upime tena.

Usiwaahidi manahodha zaidi ya bahari inavyoruhusu. Mawimbi ya VHF hayapindi sana kufuata mgongo wa dunia. Kutoka antena ya mita 20 kwenda kwenye boti yenye antena mita 2 juu ya maji, upeo ni karibu kilomita 24, na hilo halibadilishwi na kebo wala wati. Kama malalamiko yalianzia kilomita 10 au 15, kebo itayamaliza. Yaliyo ya kilomita 35 yanataka mlingoti mrefu zaidi, au antena ya boti ipandishwe juu.

Siku utakapofunga kebo mpya, kabla kijana hajaifunga antena, soma marejeo ikiwa wazi na ikiwa na shoti, hifadhi faili, na uandike tarehe na namba hizo kwa kalamu ya wino ndani ya mlango wa kabati la redio. Kisha funga antena, soma SWR kwenye MHz 156, 156.8 na 162, uziandike chini yake. Rudia kila baada ya masika. SWR ikishuka bila mtu kugusa antena, mpandishe kijana.